Kwa wageni wa kaunta: someni boksi kabla ya kupokea dipositi

Kila mashine mpya ya gemu ikitangazwa, vijana wapya wa kaunta hapa Mombasa, Mwembe Tayari mpaka Nyali, ni walewale: picha kwenye status, dipositi kwa M-Pesa, halafu ndipo wanauliza boksi gani linakuja. Jamani!

1. Mteja ameshakutangulia. PS2 (PlayStation 2 ya Sony) ilipoanza kuuzwa Japani, 4 Machi 2000, mwenye duka ndiye aliyekuwa na habari. PS5 Pro ilitangazwa 10 Septemba 2024 jioni yetu, na Isha haijaadhiniwa mteja alishaona dola 699.99, akazigeuza shilingi, akaja na hesabu isiyo na nauli, ushuru wala VAT ya asilimia 16. Usibishane naye, mwandikie hesabu mstari kwa mstari. Mwambie pia kwamba Pro haina pa kutia diski. Kisomaji huuzwa kando, na siku ya kukifunga lazima kuwe na intaneti ili mashine ikitambue.

2. Switch 2 ya Kijapani, mashine ya Nintendo. Hapa hata sisi wakongwe tumo, kwa hiyo tusichekane. Marekani bei ilikuwa dola 449.99, Japani yeni 49,980. Ukizigeuza, Japani ilikuwa chini kwa dola mia na ushei. Tamaa ikatuziba macho, tukaagiza. Kumbe sababu ya unafuu imo kwenye jina la bidhaa yenyewe: ya lugha ya Kijapani, kwa Japani tu. Ukiiwasha, menyu yote Kijapani. Ukitafuta lugha kwenye mipangilio, hakuna nyingine. Akaunti inayokubali ni ile iliyosajiliwa Japani, basi kijana aliyenunua gemu zake kwa akaunti ya Marekani hazioni. Hilo si la kupelekea fundi. Toleo la lugha nyingi lilikuwepo kwa yeni 69,980, ila Nintendo iliuza kwenye duka lake la mtandaoni peke yake. Na haya yote hayakufichwa: yalitangazwa 2 Aprili 2025, mashine ikatoka 5 Juni. Miezi miwili mizima! Tulisoma bei, mstari wa chini yake tukauruka. Boksi likishafunguliwa, aliyekuletea kutoka Dubai halipokei, mteja halitaki, nawe unabaki na mashine inayowasemesha wapita njia Kijapani.

3. Umeme: PS5 na adapta ya Switch 2 zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo muuzie mtu waya au kichwa cha pini tatu, si transfoma.

4. Switch 2 haichezi gemu kutoka microSD ya kawaida (kadi ya kumbukumbu), ni ile aina ya kasi zaidi iitwayo microSD Express tu. Na kuna gemu ambazo kadi yake ni ufunguo tu. Gemu lenyewe hushushwa mtandaoni. Mteja wa Likoni anayeishi kwa bando alijue hilo kabla hajalipa, si baada.

5. Dipositi. Mwaka 2013 Xbox One, mashine ya Microsoft, ilitangazwa na sharti la kuingia mtandaoni kila saa 24. Wachezaji wakachachamaa mitandaoni, na 19 Juni Microsoft ikaliondoa. Mashine yenyewe haikutoka mpaka Novemba. Basi usiuze sifa za kitu ambacho hakijafika. Kwenye risiti andika modeli, nchi ambayo mashine ilitengenezwa kuuzwa, ukubwa wa hifadhi, na kwamba bei kamili ni ya siku ya kufika. Ukiandika "PS mpya" tu, mteja atakufungulia simu yake hapo kaunta, mbele ya watu.