Plasta ya Homoni kwenye Ngozi Iliyozoea Mafuta

Nilipotimiza miaka 51, hedhi ikiwa imekoma kwa zaidi ya mwaka mzima, nilikuwa nikiamka mara tatu au nne kila usiku, nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga, ili kubadilisha khanga iliyolowa jasho chapachapa, hata katika miezi ya kusi ambapo wenzangu walikuwa wakijifunika shuka. Mchana joto lilinipanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, moyo ukinidunda, kisha likaniacha nikitetemeka kwa baridi. Wifi yangu mkubwa aliniambia, "Vumilia, wifi, sote tumepita huko." Nikavumilia miaka miwili ambayo haikunifaa kitu.

Daktari wa magonjwa ya wanawake aliyenihudumia hatimaye alinipima presha, akaniuliza kuhusu saratani ya matiti, kuganda kwa damu kwenye mishipa, ugonjwa wa ini, na kama nimewahi kutokwa na damu tangu hedhi ikome. Ndugu yangu, maswali hayo usiyajibu kwa haya, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama tiba ya homoni inakufaa au itakudhuru. Kwa kuwa nina presha, ingawa naidhibiti kwa dawa, alinichagulia estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma, ya kupenya ngozini badala ya kidonge. Estrojeni inayomezwa hupita kwanza kwenye ini, nalo huchochewa kutengeneza zaidi vitu vinavyogandisha damu. Ile ya kwenye ngozi huingia moja kwa moja katika mzunguko wa damu, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge.

Nilipewa plasta nyembamba inayotoa mikrogramu 50 kwa saa 24, ya kubadilishwa mara mbili kwa wiki. Nilichagua Jumatatu na Alhamisi, siku nilizozizoea kwa saumu za sunna, na kwa hiyo sizisahau.

Mwezi wa kwanza sikuona nafuu, na kosa lilikuwa langu. Sisi wanawake wa pwani hatutoki bafuni bila kujipaka mafuta ya nazi, na wengine hutangulia kujisugua singo. Plasta yangu ikawa inabanduka, mara naikuta imeganda kwenye nguo. Siku hizi naiweka sehemu ya juu ya tako, chini ya mstari wa kiuno ambapo fundo la khanga na shanga haviisugui, juu ya ngozi iliyooshwa, ikakaushwa vizuri na isiyopakwa chochote, kisha naikandamiza kwa kiganja kwa sekunde kumi hivi. Kila ninapoibadilisha nahamia upande wa pili ili ngozi isiwashe. Haiwekwi kwenye titi kamwe. Wakati wa kaskazi, jasho likizidi na plasta ikadondoka, nabandika mpya bila kubadilisha siku yangu ya kawaida. Chetezo cha udi nakifukizia nguo tu, wala sikikalii, kwa sababu joto huweza kuharakisha dawa kupenya. Shoga yangu wa Bagamoyo, ambaye ngozi yake haikuipenda gundi, hupaka estrojeni ya jeli kila siku. Huiacha ikauke, hunawa mikono, na hampakati mjukuu kwenye sehemu hiyo kabla ya saa moja kupita.

Nilipofika wiki ya sita ya kuiweka sawasawa, nililala hadi adhana ya alfajiri.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni wanawake kununua plasta na kuacha homoni ya pili. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apate pia projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko huo na huweza kuleta saratani. Mimi humeza yangu usiku, kwani huleta usingizi. Usiiache kwa kubana matumizi, na damu ikitoka bila kutarajiwa, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Wengi wanaiogopa tiba hii kwa sababu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ulioihusisha na saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63 na walitumia vidonge, si plasta. Hata hivyo sitakuficha: homoni hizi mbili zikitumika pamoja kwa miaka mingi, hatari ya saratani ya matiti huongezeka kidogo, na plasta haiiondoi; ndiyo maana nachunguzwa matiti na presha kila mwaka.

Wifi yangu, ambaye sasa ana miaka 67, alipoona nimepata usingizi aliniuliza kama naye aanze. Nilimpeleka kwa daktari, akaelezwa kuwa wanaofaidika zaidi ni wanaoanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome. Lakini alipoulizwa kwa upole alikiri kuwa kwa muda mrefu amekuwa na ukavu na maumivu ukeni, akaandikiwa estrojeni kidogo ya kupaka sehemu hiyo tu. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote.