Usiite kila wimbo goma

Kijana mmoja wa Masasi kanitumia ujumbe: "Kaka, nikishika maiki niuite wimbo nini ili watu wainuke?" Mdogo wangu, mimi mshereheshaji wa harusi, swali hilo ndilo linalonilisha msimu mzima wa korosho.

Majina yapo tele: goma, dude, chuma, pini, mkwaju. Wazee waliokulia kwenye dansi watakuambia kibao. Ila goma lina deni. Ukishalitamka, watu wanataka besi na kuserebuka papo hapo. Ukiwawekea wimbo wa kubembelezana, umeumbuka. Pini na chuma waachie vijana wenzako.

Msimu uliopita kulikuwa na harusi Tandahimba. Kamati ikaniona mimi wa hapahapa, ikamleta mshereheshaji wa Dar, nami nikapewa kazi ya kuangalia jenereta. Sifichi, iliniuma. Jamaa akapanda: "Pini hilooo, linachinja!" Ikaachiwa singeli, ile inayokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Vijana wachache wakaruka. Kina mama wa ukoo, kimya, mikono mapajani, wanamtazama tu kama mgambo wa ushuru.

Mjomba wa bwana harusi akasema, "Hebu mpeni huyu wa kwetu."

Nikaanza taratibu: "Shikamooni mama zangu. Shangazi zangu, ngoma yenu hii hapa." Nikaweka sindimba, ngoma yetu ya Wamakonde, ngoma tupu, bila kinanda. Shangazi mmoja akavua kandambili, akakaza kitenge kiunoni, akaingia kati. Wakamfuata! Walipokolea ndipo nikatamka, "Sasa goma!" nikamwachia Harmonize, mtoto wa Mtwara. Noti zikaanza kubandikwa kwenye paji langu la uso. Hata singeli ya yule jamaa iliporudi baadaye, ilichezwa, maana watu walishapata moto.

Kwa hiyo watazame waliokaa kabla hujafungua mdomo. Usiseme goma kila wimbo. Narudia, usiseme goma kila wimbo. Na nyie mnaoigiza lafudhi ya redio za Dar, mnaona haya gani? Harmonize lebo yake kaiita Konde Music Worldwide, Konde ya Umakonde wake, na dunia inaitaja hivyohivyo. Wewe wa Newala unajifanya wa Sinza ya Dar kwa faida ya nani?

Halafu dai nusu ya malipo kabla hujafunga spika. Ile ya kulinda jenereta mpaka leo sijalipwa.