Je, baridi humfanya chura awe mkubwa?

SWALI: Nimesoma kwamba wanyama wa sehemu za baridi huwa wakubwa kuliko jamaa zao wa sehemu za joto. Je, ndivyo ilivyo kwa vyura na salamanda, wale jamaa zao wenye mkia na umbo la mjusi? Nimepima vyura wachanga wanaotoka kwenye bwawa moja kwa miaka miwili mfululizo, na wa mwaka wa pili walikuwa wadogo waziwazi. Niyalaumu mabadiliko ya tabianchi?

JIBU: Bado mapema. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30 hivi. Wewe una misimu miwili, na hiyo ni hali ya hewa tu. Zote mbili hugusa ukubwa wa amfibia, yaani vyura, salamanda na jamaa zao, ila kwa njia tofauti.

Kanuni uliyoisoma ni ya Mjerumani Carl Bergmann, ya mwaka 1847, na aliitunga kwa ajili ya wanyama wa damu moto. Kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, ndivyo ngozi inavyopungua ukilinganisha na uzito, na joto hupotea polepole. Chura hana joto lake la kulinda: akikaa kwenye tope la baridi, naye ni baridi. Kinachomtesa ni kukauka, kwa sababu ngozi yake hupitisha maji. Rudia hesabu ya Bergmann, ila badala ya joto weka maji, nayo inaanza kumhusu chura. Mwaka 1973 mtafiti Eviatar Nevo alionyesha kwamba vyura wadogo wa jenasi Acris huko Marekani huwa wakubwa zaidi kwenye maeneo makavu.

Baridi nayo ina mchango wake. Katika maji baridi kiluwiluwi hukua taratibu, lakini kugeuka kwake kuwa chura huchelewa zaidi ya ukuaji wenyewe, kwa hiyo mara nyingi hutoka akiwa mkubwa. Faida hiyo ina mpaka: chura wa kawaida wa Ulaya, Rana temporaria, huongezeka ukubwa kadiri unavyoelekea kaskazini huko Skandinavia, kisha hupungua tena kule ambako kiangazi ni kifupi mno. Na vighairi ni vingi. Chura mkubwa kuliko wote, Conraua goliath, anayepita sentimita 30, anaishi kwenye mito ya joto ya Kameruni na Guinea ya Ikweta. Salamanda jitu wa China, mwenye urefu unaoweza kupita mita moja na nusu, anapenda vijito baridi vya milimani. Binafsi simwamini anayetoa kanuni moja kwa amfibia wote.

Sasa bwawa lako. Je, mwaka wa pili lilikauka mapema? Maji yakipungua, viluwiluwi wa spishi nyingi huharakisha kugeuka na hutoka wakiwa wadogo. Bora kutoka mdogo kuliko kufia kwenye tope. Msongamano una matokeo yanayofanana: mayai yakiwa mengi, chakula hakitoshi. Kama hukuandika kina cha maji, halijoto yake na idadi ya viluwiluwi, huwezi kuvitenganisha visababishi hivi.

Kagua pia vipimo vyenyewe. Ikiwa ulitumia mizani, ziweke kando namba hizo, maana kibofu cha chura hubeba maji mengi na uzito wake hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Pima urefu kutoka ncha ya pua hadi tundu la nyuma. Ukija kupima wakubwa, tenga majike na madume, kwani katika spishi nyingi jike ndiye mkubwa, na kumbuka kwamba wengi huendelea kukua baada ya kupevuka. Kundi la “vyura wadogo” laweza kuwa kundi la vyura vijana tu. Penye misimu inayotofautiana sana, umri husomwa kwenye pete za mfupa wa kidole.

Ushahidi wa tabianchi unadai subira. Huko Puerto Rico watafiti walirudi kwenye mteremko uleule wa mlima baada ya miaka 23, wakakuta vyura aina ya coqui wamekuwa wadogo na mlio wao umekuwa mwembamba zaidi. Wewe endelea na bwawa lako, mwezi uleule kila mwaka, na kipimajoto kikae majini msimu mzima.