Uliza Fundi: Prosesa ya Gemu na Laivu kwa Bajeti ya Kawaida

Shikamooni. Nataka kuunganisha kompyuta ya kuchezea gemu na kurusha mechi zangu laivu YouTube. Nina 1,500,000, monita na kibodi ninazo. Dukani wananiambia bila Ryzen 7 laivu itakwamakwama, lakini nikiinunua, hela ya kadi ya picha inabaki kiduchu. Nifanyeje?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Marahaba. Achana na Ryzen 7. Ushauri uliopewa ni wa enzi ambazo prosesa ilibeba mizigo yote miwili. Gemu inayokwenda fremu (picha mojamoja) 60 kwa sekunde inaipa kompyuta milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Ukiiachia prosesa ibane na video kwa x264, programu inayobana video kwa nguvu ya prosesa, inabidi ihesabu gemu na kubana picha ndani ya muda huohuo. Hapo ndipo viini (cores, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) vingi vinapohitajika. Lakini kadi za NVIDIA za kuchezea gemu zina kipande maalumu, NVENC, ambacho kazi yake ni kubana video basi. Kikishika kazi hiyo, prosesa inabaki na gemu, na viini 6 vinatosha kabisa.

Kwa hiyo chukua Ryzen 5 5600 ya AMD: viini 6, nyuzi 12 (threads, kazi inazoshika kwa wakati mmoja), kashe ya MB 32, wati 65. Ya kwenye boksi huja na feni yake. Ukiuziwa iliyo wazi bila boksi, tenga hela ya feni. Angalia sana majina yanayofanana. Ryzen 5 5500 na 5600G nazo zina viini 6, ila kashe yake ni MB 16 tu. Kashe ni ghala dogo ndani ya prosesa. Gemu isipokuta kitu humo inakifuata kwenye RAM, safari ndefu zaidi, na wewe unaona fremu zikishuka pale uwanja unapojaa watu. 5600G tungempa mtu mmoja tu: yule ambaye kwa sasa hana kabisa hela ya kadi, kwa kuwa hiyo inatoa picha yenyewe. Huyo naye anunue RAM mbili za GB 8, siyo moja ya 16, maana picha zake zinategemea kasi ya RAM na mbili zinapitisha data kwa njia mbili.

Upande wa Intel, ya kiwango hicho ni Core i5-12400F. Herufi F maana yake haitoi picha. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. Mazabodi zake, za soketi ya LGA1700, nyingine zinachukua RAM ya DDR4 na nyingine ya DDR5. Pengo la katikati ya RAM hizo haliko mahali pamoja, kwa hiyo ikigoma kuingia usiilazimishe, utavunja sloti.

Ukienda na 5600 na ukapata mazabodi ya mtumba ya B450, mwambie muuzaji aiwashe na prosesa yako mbele ya macho yako. Ikiwa BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi, ni ya zamani, feni zitazunguka lakini skrini haitaleta kitu, na utadhani prosesa imekufa. Dawa ni kuapdeti BIOS, basi.

Mgawanyo wetu: karibu 300,000 kwenye prosesa, 600,000 kwenye kadi, zinazobaki ziende kwenye mazabodi, RAM, SSD, pawa saplai na keisi. Pawa saplai usiibanie.

Kadi tafuta GTX 1660 Super au RTX 2060 ya mtumba, na iendeshe gemu nusu saa kabla ya kulipa. Mtego upo hapa: GT 1030, RX 6400 na RX 6500 XT hazina kabisa kipande cha kubana video. Zinacheza gemu, lakini siku ya laivu mzigo wote unarudi kwenye prosesa, na utailaumu bure.

Ndani ya OBS, programu ya kurushia laivu, fungua Settings, kisha Output, uchague NVENC badala ya x264. Halafu fungua dirisha la Stats na lisome mechi ikiendelea. Fremu zikipotea kwenye mstari wa rendering, kadi imezidiwa: iwekee gemu kikomo cha fremu 60. Zikipotea kwenye encoding, anayebana video ndiye amezidiwa. Zikipotea kwenye network, prosesa haihusiki hata kidogo; ni intaneti. Laivu ya kbps 6,000 inakula karibu GB 2.8 kwa saa pamoja na sauti, na inataka kasi ya kupandisha ya Mbps 9 hivi ili ipumue. Kama unatumia bando la simu, shuka mpaka 720p kwa kbps 3,000.

Kuna muuzaji ananipa Dell OptiPlex ya mtumba yenye i7 na RAM ya GB 16. Mwanangu anataka kucheza Valorant. i7 si ndiyo kubwa kuliko i5?
*Mama msomaji, Pasua, Moshi*

Mama, shikamoo. i7 ni cheo ndani ya kizazi chake tu. Soma namba inayofuata. i7-2600 ni ya 2011, i7-4770 ya 2013. Zote zina viini 4 na nyuzi 8, sawa na i3-12100F ya 2022, ambayo inaziacha mbali zote mbili. Tena Windows 11 inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka).

Mwombe muuzaji aiwashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, usome jina la prosesa juu kulia. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, uone kama imeandikwa 2.0. i5-8500 yenye viini 6 itamfaa kijana kuliko i7-4770. Chukua keisi ile ndefu ya kusimama. Zile nyembamba zinaingia kadi fupi tu, na pawa saplai yake si rahisi kubadilisha.

Nina Ryzen 5 5600. Gemu inaanza vizuri, baada ya dakika 20 inakwama. Nibadilishe prosesa?
*Msomaji, Ngaramtoni*

Hapana, ipime joto kwanza kwa programu ya HWiNFO. Kikomo cha 5600 ni nyuzijoto 90. Ikifika hapo inajipunguza kasi isiungue. Kwa vumbi la kiangazi, mapezi ya hitsinki, kile chuma cha kupoza prosesa, huziba kama chujio la chai. Zima, chomoa waya, shika feni isizunguke, piga brashi laini.

Isiposaidia, badilisha pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitsinki. Cheza gemu dakika 10 pesti ilainike, zima, kisha zungusha hitsinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiivuta ikiwa baridi, prosesa hung'oka nayo, na pini za AM4, soketi ya 5600, ziko chini ya prosesa yenyewe. Zikipinda ndiyo gharama. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, funga skrubu kwa mshazari, kidogokidogo. Joto likibaki chini ya 80 na gemu bado inakwama, hesabu RAM: ikiwa ni moja peke yake, mwongezee mwenzake.