Jibu: Kuunganisha gundi ya mimea na protini kwa kimeng'enya

Ndugu, umeuliza kama kukoroga gundi ya mimea na protini kunatosha kuzuia mafuta yasijitenge na maji. Mara nyingi hakutoshi. Zikikorogwa tu, hushikana kwa chaji za umeme. Ukibadilisha uchachu au ukizidisha chumvi, zinaachiana. Kimeng'enya, yaani kichocheo asilia cha mabadiliko ya kikemikali, huzifunga kwa kifungo cha kudumu. Mimi ningeanza na pektini ya kiazisukari, ambayo ni gundi ya mimea, maana ina asidi ya feruliki, na kimeng'enya kiitwacho lakasi kikipata oksijeni kinaweza kuiunganisha na tairosini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Hapo protini hung'ang'ania tone la mafuta, nayo pektini hutanda upande wa maji, matone yasikaribiane. Ila usikiache kimeng'enya kikafanya kazi kupita kiasi, utapata jeli. Mchanganyiko ukianza tu kuwa mzito, kizime kwa joto.