Shujaa Anapopoteza Nguvu: Kwa Mnaoanza Kuchora Katuni

Vijana wengi wanaoniletea daftari zao hapa Mwanga, Kigoma, wana shujaa anayepoteza nguvu zake. Nafurahi kuziona, maana hapo ndipo hadithi ya shujaa inapopata uzito. Lakini wengi wana haraka: ukurasa huu nguvu zimetoweka, kurasa mbili mbele babu fulani wa Ujiji ameshampa dawa na jamaa anaruka tena. Msomaji hajapata hata nafasi ya kumwonea huruma. Msikimbilie kumponya.

Mtazameni Storm wa X-Men, kundi la mashujaa wa katuni za Marekani, ambaye mama yake ni Mkenya. Alitawala mvua, upepo na radi. Mwaka 1984 alipigwa na silaha ya kuondoa nguvu iliyomlenga mwenzake, Rogue. Storm ndiye aliyemkinga. Hakurudishiwa nguvu hadi 1988. Katikati hapo alianza kumpenda Forge, fundi mvumbuzi, kisha akagundua kuwa silaha ile ilitengenezwa na Forge huyohuyo. Na kuna jambo nalipenda mno katika kisa chake: zamani alilazimika kubana hisia zake, kwa kuwa hasira yake ingeweza kuleta tufani. Nguvu zilipomtoka, akawa huru kulia. Mwaka 1986, akiwa bado mtu wa kawaida, alimshinda mwenzake Cyclops katika pambano la kuwania uongozi wa kundi. Ujuzi wa kupigana ulikuwa wake mwenyewe, hakuna silaha iliyoweza kuuchukua.

Basi kabla hujachora, jiulize: kipi kimemtoka, kipi kimebaki, na kipi hakuwahi kujifunza kwa sababu nguvu zilimfanyia kila kitu? Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo lenye utajiri.

Tuseme shujaa wako ni mvuvi wa Kibirizi, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, aliyezoea kupandisha mtumbwi ufukweni kwa mkono mmoja. Sasa hawezi. Alfajiri wenzake wamerudi na dagaa, naye anashika kamba pamoja nao. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia na kuvuta. Wamezoea tangu utotoni. Yeye anavuta kabla ya kiitikio. Wenzake wanapovuta, yeye ndiyo kwanza anapumua. Mikono yake si dhaifu kuliko yao, ila hajui kuvuta na watu. Chora hapo fremu, yaani visanduku vya picha, nne au tano bila neno hata moja: viganja vya wenzake vimekaza kamba kwa pamoja, vyake vimeachia. Mzee mmoja anamsogeza nyuma taratibu bila kumtazama usoni. Usiweke chozi. Mkono wa yule mzee begani unatosha.

Kalenda ya ziwa nayo itumieni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hulala nchi kavu. Siku hizo hana kazi ya kujifichia, na watu wana muda wa kumuuliza kilichompata. Mazungumzo mazito yawekeni hapo.

Kwenye mchoro, msimkondeshe ghafla. Mwacheni na mwili uleule, mbadilishe fremu: kama zamani ngumi yake ilivuka mstari wa fremu, sasa akae ndani yake, watu wengine wakimziba kidogo. Na asitamke kwamba nguvu zake zimekwisha. Tumeshaona.

Kuhusu kurudisha nguvu, sina kanuni moja. Wonder Woman, shujaa mwingine wa katuni za Marekani, aliachana na zake mwaka 1968, akajifunza kupigana kwa mikono, akarudishiwa 1973. Wako anaweza asirudishiwe kabisa. Ila amueni kabla ya ukurasa wa kwanza, la sivyo mtaanza kutafuta dawa mara tu hadithi itakapokuwa ngumu. Mkija kwangu, leteni kwanza kurasa za katikati, zile ambazo hana kitu na bado kunakucha. Hizo ndizo nitakazosoma.