Kikerewe kwa watoto: anzeni na sauti za wazee, programu ya simu itafuata

Mkuu, umeuliza ni programu gani ya simu itawafaa watoto wa Kikerewe waliozaliwa Mwanza mjini, na kama mchangishane mumlipe mtu awatengenezee. Kazi hii nimeifanya na walimu wenzangu kule kisiwani Ukerewe. Ushauri wangu: hiyo hela nunueni kwanza kinasa sauti, mpande meli kwenda Nansio.

Kikerewe kina vokali fupi na ndefu, tena kina toni, yaani sauti kupanda na kushuka. Mtoto akipewa maandishi matupu ataishia kuyatamka Kiswahili-Kiswahili. Wenye matamshi ni wazee, na wanatutoka.

Mzee mmoja mvuvi hatukumpa orodha ya maneno, tulimwacha aongee. Alianza na mtumbwi, kipande kwa kipande, akaingia kwa samaki, furu na ningu wa enzi ambazo sangara hajatapakaa ziwani, na walivyokuwa wakitegwa. Mjukuu wake wa darasa la tano akawa anamkatiza kwa maswali, nusu Kiswahili nusu Kikerewe. Yale maswali ndiyo somo lenyewe, msiyafute! Rekodini chumbani, mtundike mablanketi ukutani, maana ufukweni upepo unameza kila kitu. Mhifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. WhatsApp inaibana sauti mno.

Mkishapata sauti, ELAN, programu ya kompyuta ya taasisi ya Max Planck, inapatikana bure kwa kuzikatakata na kuziandika sentensi. Bloom, programu ya shirika la lugha la SIL, inatengeneza vitabu vya picha vinavyosoma kwa sauti, na havihitaji intaneti. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa 1980, tena kwa Kiswahili. Leo darasa moja linaweza kutoa kitabu chake lenyewe.

Kwenye umiliki msilegee hata kidogo. Mtafiti mmoja alirekodi bibi zetu akaondoka, na familia hazijaona nakala mpaka leo. Inaniuma. Wamaori wa kituo cha utangazaji cha Te Hiku Media, New Zealand, mwaka 2018 walikusanya saa zaidi ya 300 za usomaji kwa siku 10, wakaifundisha kompyuta kuandika Kimaori kinachosemwa, na sauti zenyewe wakaziwekea leseni yao.

Fomu yetu ya ridhaa ya kurekodiwa ni ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mzee anasomewa kabla kinasa hakijawashwa, na akisema wimbo fulani usitoke nje ya ukoo, hautoki.